Miezi minane barabarani, minne nyumbani: mwongozo wa dereva wa loli anayefanya kazi kwa msimu Uganda

Nyumbani kwangu ni upande wa Tororo, karibu na barabara ya Malaba, mpakani na Kenya. Usiku nikiwa kitandani nasikia matrela yakishusha gia, na kwa mlio tu najua lipi limebeba na lipi linarudi tupu Mombasa. Mwezi wa nne na wa tano nayasikia hivyo hivyo, nimejilaza. Saa kumi alfajiri nageuka ubavu wa pili.

Nimeendesha loli miaka kumi na sita, na sita ya mwisho naifanya kwa msimu. Wenzangu huniuliza mambo mawili: tajiri, yaani mwenye loli, anakubalije, na unakula nini. Nitayajibu yote mawili, lakini kwanza tuelewane: huu si mwongozo wa kuacha kazi. Anayeacha kazi atarudi kuomba kazi. Mimi narudi kuchukua ufunguo. Tofauti hiyo haitengenezwi siku ya kuondoka, inatengenezwa kuanzia mzigo wa kwanza wa msimu.

Hatua ya kwanza: soma kalenda ya mzigo

Barabara zetu zinaendeshwa na mvua, mavuno na sikukuu. Chukua daftari, andika miezi kumi na miwili, kisha kumbuka mwaka jana ulilala wapi siku nyingi bila mzigo. Langu linasema hivi.

Novemba hadi Machi ni msimu mnono. Kabla ya Krismasi kila duka linataka saruji, bati, soda na bia. Desemba na Januari yanavunwa mahindi ya msimu wa pili. Wakati huo huo kiangazi kinashika kaskazini na Sudan Kusini, na hapo ndipo dereva wa njia ya Elegu, mpaka wetu na Sudan Kusini, anatafutwa kama daktari. Kutoka Nimule, ng'ambo ya mpaka huo, hadi Juba kuna lami, kilomita 192, lakini ukipita Juba sehemu kubwa ni udongo unaogeuka uji mvua ikianza. Mashirika ya misaada yanajua hilo, ndiyo maana yanasukuma chakula chao kingi kabla njia hazijafunga. Loli inayoweza kuingia Februari, mwezi wa saba itakwama hadi ekseli.

Juni hadi Agosti ni msimu wa pili wa mzigo. Mahindi ya kwanza yanatoka shambani, na Masaka na magharibi kusini kahawa inavunwa. Hapo utabeba kiboko, ile kahawa iliyokaushwa na maganda yake, hadi viwandani, au utavuta kontena la kahawa iliyokobolewa kwenda Mombasa. Kahawa ya kati na ya Mlima Elgon huvunwa kwa wingi Oktoba hadi Februari, kwa hiyo anayeishi Mbale anaweza kupanga kalenda tofauti na yangu.

Aprili na Mei mvua inanyesha, barabara za vijijini hazipitiki, mazao yako ardhini. Hiyo ndiyo miezi yangu ya kwanza ya nyumbani. Miezi ya pili ni Septemba na Oktoba, na hapa nikiri: si mibaya kwa kazi. Kontena za Krismasi zinaanza kushuka Mombasa. Naiachia kwa sababu shamba la msimu wa pili linanihitaji, na kwa sababu Elegu mvua hiyo siipendi. Mto Unyama ukifurika, pale mpakani unaweza kulala juu ya kabini ukitazama viatu vyako vikielea.

Mambo mawili ya kuongeza kwenye kalenda. La kwanza ni uchaguzi. Uganda tulipiga kura Januari 2021 na Januari 2026. Kenya ni Agosti, na zamu yake ijayo ni 2027. Wenye loli wengi huyaficha magari yao wiki hizo, hasa waliokuwepo Januari 2008 njia ya Kenya ilipofungwa na mafuta yakakauka Kampala. La pili ni kutofunga msimu wote kwenye mzigo mmoja. Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi yetu ghafla kwa ajili ya sumukuvu. Siku chache baadaye ikaruhusu kwa masharti, lakini aliyekuwa amepanga kula kwa mahindi ya Busia peke yake alihesabu mawe.

Hatua ya pili: mchague tajiri anayefaa kwa mpango huu

Kampuni kubwa yenye loli mia na mshahara wa mwezi mara nyingi haifai. Ina meneja, meneja ana jedwali, na jedwali halijui kupalilia. Utapata likizo yako ya kisheria basi: Sheria ya Ajira ya 2006 inatoa siku saba kwa kila miezi minne ya kazi, yaani 21 kwa mwaka. Nzuri, lakini si miezi minne.

Tajiri mwenye loli moja peke yake naye hafai. Loli hiyo ndiyo ada ya watoto wake. Ikisimama wiki moja anakuota usiku.

Anayefaa ana loli tatu hadi kumi, anabeba mizigo ya aina mbili tatu, na mvua ikija yeye mwenyewe huziingiza gereji. Kwake kupumzika kwako ni mshahara usiolipwa miezi ambayo mzigo ni haba. Mwambie hivyo hivyo. Mimi nilikwenda kwa wangu Desemba, si Machi, nikiwa nimerudisha loli safari ya tano bila hata tairi kupasuka.

"Hajji, habari za siku. Nina neno."

"Unataka advansi."

"Sitaki advansi. Nataka Aprili na Mei nisikulipishe."

Alicheka, akaniambia nikae. Nakwambia ukweli, kama ningeanza na "nimechoka, Hajji" mazungumzo yangeishia mlangoni.

Mkikubaliana, andikeni. Kule Buganda makubaliano hayo wanayaita endagaano, na haihitaji wakili: ukurasa mmoja, sahihi mbili, shahidi mmoja kila upande. Neno la kupigania ni *likizo isiyo na malipo*. Usikubali karatasi inayosema kazi imeisha. Kwa sheria, aliyefanya kazi mwaka mmoja hadi mitano anastahili notisi ya mwezi mmoja, mitano hadi kumi miezi miwili. Karatasi ikisema umeisha, ukirudi unaanza sifuri. Tena kanuni za ajira za 2011 zinakataza kumweka mtu kama kibarua wa lejaleja kupita miezi minne, na wako matajiri wanaopenda kukukata ule mwezi wa nne ili usiwahi kuwa mfanyakazi wa kudumu. Dereva wa msimu ndiye rahisi kukatwa hivyo, kwa sababu ameomba kuondoka mwenyewe.

Karatasi yangu ina mambo manne tu: tarehe ya kutoka, tarehe ya kurudi, namba ya loli nitakayorudia, na jina la atakayeishika.

Hatua ya tatu: mtafute wa kushikilia, na umtafute wewe

Hapa ndipo nilipoumia. Mwaka wa kwanza nilimwachia tajiri wa wakati ule, si huyu wa sasa, atafute dereva mwenyewe. Akapata kijana hodari, mpole, asiyelalamika posho. Niliporudi Juni nilimkuta kijana amekwisha tundika rozari yake kwenye kioo. Tajiri akaniambia ningoje kidogo loli nyingine itoke gereji. Niliingoja wiki tisa.

Dereva wa kushikilia, wenzetu wa Tanzania humwita deiwaka, awe mtu ambaye naye ana sababu ya kuondoka. Wangu ni mzee aliyestaafu kampuni moja ya mafuta. Macho bado mazima, mkono mtulivu, lakini mgongo haumruhusu zaidi ya miezi miwili mfululizo. Ikifika Mei katikati yeye ndiye anayenipigia: "Mwanangu, unarudi lini?" Mwingine anayefaa ni dereva wa basi la shule, au mwalimu wa udereva. Asiyefaa ni tanboi wako mwenyewe, msaidizi wako wa ndani ya loli, aliyepata leseni juzi. Anaijua loli kuliko mtu yeyote, anamjua tajiri, na ana njaa ya usukani. Mtoto mzuri kabisa, lakini usimwachie.

Leseni ya wa kushikilia uione kwa macho yako, uikague daraja. Kuvuta trela Uganda kunahitaji daraja la CE; wapo wenye CM, daraja la loli za kati, wanaosema "ni ile ile". Si ile ile. Ajali ikitokea, bima itauliza.

Hatua ya nne: makaratasi

Fanya haya ukiwa nyumbani, usiyafanye msimu ukiwaka.

Leseni, au pamiti kama tunavyoita huku, hutolewa kwa mwaka mmoja, mitatu au mitano. Ipange imalizike ndani ya miezi yako ya kupumzika, ili siku ya kukaa foleni isiwe siku ya safari. Kabla hujaenda, hakikisha huna tiketi ya faini ya polisi uliyoisahau mfukoni. Zina siku 28 za kulipwa, zikipita zinavimba.

Kadi za manjano ziko mbili na watu huzichanganya. Moja ni ya loli, bima ya COMESA ya kuvuka mpaka, na hiyo ni kazi ya tajiri. Nyingine ni yako, cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Tangu 2016 cheti hicho ni cha maisha. Mtu akikwambia cha kwako kimepita miaka kumi ulipe upya, mwonyeshe tabasamu na usilipe.

NSSF, yaani mfuko wa akiba ya uzeeni: tajiri anachangia asilimia 10, wewe unakatwa 5, na tangu sheria irekebishwe 2022 hata mwenye mfanyakazi mmoja anatakiwa kuchangia. Miezi ya likizo isiyo na malipo hakuna kinachoingia. Unaweza kuweka kwa hiari mwenyewe, hata kidogo. Ukifika miaka 45 na umechangia miaka kumi, unaruhusiwa kuchukua asilimia 20 kabla ya kustaafu. Kwa dereva mwenye nia ya kununua ng'ombe wa kulimia, hiyo si hela ya kudharau.

Hatua ya tano: hesabu kabla ya usukani

Weka takwimu zako. Hizi ni za mfano. Tuseme nyumba yako inakula shilingi 600,000 kwa mwezi. Ada ni 500,000 kila muhula, na mihula ni mitatu: wa kwanza Februari, wa pili mwisho wa Mei au Juni, wa tatu Septemba. Angalia mihula miwili inavyokugongea mlango ukiwa nyumbani au ndiyo kwanza umerudi kazini bila hata safari moja. Shamba linataka 600,000 za mbegu, maksai na vibarua. Dharura 500,000, maana mtoto hachagui msimu wa kuugua.

Ukipumzika miezi mitano: chakula 3,000,000, ada ya mihula miwili 1,000,000, shamba 600,000, dharura 500,000. Jumla 5,100,000. Unazitafuta kwa miezi saba, safari tatu kwa mwezi, safari 21. Kila safari lazima iweke kando karibu 243,000. Kama safari inakuachia 450,000 baada ya kula na kulala njiani, unabaki na 207,000. Mara tatu ni 621,000 kwa mwezi. Nyumba inakula 600,000. Ada ya Februari iko wapi? Haipo.

Ukipumzika minne: jumla inashuka hadi 4,500,000, safari zinapanda hadi 24, na kila safari inaweka 187,500. Unabaki na 787,500 kwa mwezi, ziada ya 187,500 mara miezi minane. Ni 1,500,000. Ada ya Februari inatoka humo, na ziada inabaki ya kukutibu jino. Ndiyo sababu mimi ni mtu wa miezi minne. Mwaka wa kwanza nilikuwa wa mitano, na mwezi wa tano niliumaliza kwa kukopa duka la jirani unga na sukari.

Zile 187,500 zitoe siku unayolipwa mailiji, pesa ya safari, kabla hujafika nyumbani. Usiziweke kwenye simu. Kila unapotoa pesa ya simu kuna ada ya mtandao na kodi ya asilimia 0.5 juu yake, na kubwa zaidi, simu iko mfukoni na wewe uko Elegu siku ya nne unangoja karatasi, chapati imepanda bei na wenzako wanacheza karata. Mimi naweka kwenye sako, chama cha kuweka na kukopa, ambayo haifungui dirisha Jumamosi. Kasoro hiyo ya dirisha imeniokoa kuliko nidhamu yangu.

Hatua ya sita: kukabidhi loli

Jambo hili watu hulifanya kwa dakika tano, wakati linataka nusu siku. Chagua asubuhi, loli imeoshwa, wa kushikilia yupo, tajiri au mtu wake yupo.

Anza na matairi. Piga magoti na kalamu na karatasi, soma namba iliyochorwa ubavuni mwa kila tairi, andika na nafasi yake: mbele kushoto, ya nje nyuma ya pili, hivyo hivyo hadi la akiba. Trela la ekseli tatu na kichwa chake ni matairi 22, la akiba nje ya hesabu. Utachafuka. Lakini kubadilishwa tairi zuri kwa kipara ndiyo hujuma ya zamani kuliko zote barabarani, na asiye na namba hana kesi.

Kisha mafuta. Chovya kijiti kwenye tangi mbele ya wote, piga alama kwa kisu palipolowa, tajiri atunze kijiti. Yangu ni fimbo ya mwembe, ina alama kumi na moja sasa, na Hajji anaiweka juu ya kabati la ofisi kama bakora ya sheikh.

Halafu vitu vidogo: jeki, spana ya magurudumu, turubai na kamba zake, pembetatu mbili, kizima moto. Andika usomaji wa kilomita. Andika pia magonjwa ya loli, usiyafiche: "inavuta kushoto ukifunga breki kwa ghafla", "gia ya nne inataka subira". Ukiyaficha yatakuwa makosa ya mwenzako, naye hatakushikia mara ya pili.

Kuwa macho na ile safari ya mwisho kabla ya kukabidhi. Tajiri anajua unaondoka, mwenye mzigo anabembeleza, na mtu atasema "ongeza magunia arobaini, ni ya mwisho". Sheria ya Afrika Mashariki inaishia tani 56 kwa jumla, nane kwa ekseli ya usukani, kumi kwa ekseli moja yenye matairi pacha, na mizani haijui kama unakwenda likizo. Nimemwona mwenzangu akianza miezi yake ya kupumzika ndani ya yadi ya mizani, wiki nzima, akilinda mahindi ya mtu.

Hatua ya saba: kukaa nyumbani

Wiki ya kwanza utalala na utakuwa na hasira. Mwili umezoea mtetemo. Ukimya unauma masikio. Mwambie mama watoto mapema, asidhani umekuja kugombana. Na ujue nyumba ilikuwa na utaratibu wake kabla hujafika. Mwaka wangu wa kwanza nilianza kupanga nani achote maji saa ngapi, mke wangu akanitazama akasema, "Baba Amina, hapa si yadi."

Pima macho na presha wiki hizo. Usiende kukaa kijiweni Malaba "kusalimia tu". Utatumia hela na utapata safari ya pembeni ya kumshikia mtu siku mbili ambayo itakula wiki mbili. Mpigie tajiri kila baada ya siku kumi na nne, dakika tatu, usiombe kitu.

Hatua ya nane: kurudi

Rudi siku tano kabla ya tarehe. Chukua karatasi ya matairi, zunguka loli namba kwa namba, chovya kijiti. Uliza barabara, maana miezi miwili inatosha kubadilisha njia. Mei 2023 daraja la Katonga lilikatika, na aliyekuwa nyumbani aliporudi alikuta wa Masaka wanazungukia Sembabule. Mwaka 2024 daraja la Karuma likafungwa kwa matengenezo, na njia ya Gulu ikawa ndefu kuliko posho.

Safari ya kwanza omba fupi, Jinja au Mbale, urudi siku hiyo hiyo. Miguu inasahau klachi. Juni iliyopita nilitoka Namanve na saruji, nikasimama Namawojjolo kununua gonja, ndizi za kuchoma, na nilipopanda tena nikakuta mkono wangu unatafuta gia kwenye ukingo wa dirisha, kana kwamba natafuta mpini wa jembe. Tanboi aliona. Hakusema kitu hadi Jinja.

"Mzee, tumerudi?"

"Bado kidogo," nikamwambia.